Gunpei Yokoi: Mhandisi aliyeutia mchezo mfukoni

Anayecheza mchezo katika simu yake ndani ya daladala mjini Dar es Salaam, au ndani ya treni ya chini ya ardhi mjini London, anapita katika njia iliyochongwa na mhandisi wa Kijapani aliyefariki dunia mwaka 1997, miaka 10 kabla ya iPhone ya kwanza kuingia sokoni. Mhandisi huyo ni Gunpei Yokoi. Kampuni aliyoitumikia, Nintendo, inajulikana ulimwengu mzima. Jina lake mwenyewe hutajwa mara chache.

Yokoi alizaliwa mjini Kyoto tarehe 10 Septemba 1941. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, kisha mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo. Wakati huo kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1889, ilijulikana kwa kutengeneza karata za Kijapani zenye picha za maua. Kazi ya Yokoi ilikuwa kuitunza mitambo ya kiwandani, kazi isiyokuwa na sifa wala shughuli nyingi.

Katika muda wake wa ziada alijitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka na kukamata vitu vilivyo mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alipomwona nao hakumkaripia, bali alimwagiza aufanye kuwa bidhaa. Ulitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand na kuuzwa zaidi ya milioni moja. Kuanzia hapo mtunza mitambo akawa mbunifu.

Kutoka kikokotoo hadi mchezo

Wazo lililobadili maisha yake lilimjia akiwa safarini katika treni ya mwendo wa kasi. Alimwona mfanyakazi wa ofisini akibonyezabonyeza vitufe vya kikokotoo ili kuupitisha muda. Yokoi alitambua kwamba watu wazima nao wanahitaji kitu kidogo cha kuchezea njiani, kisichowaaibisha mbele ya abiria wenzao.

Wakati huo watengenezaji wa vikokotoo nchini Japani walikuwa katika ushindani mkali wa bei, na vioo na saketi zake vilikuwa vimeshuka thamani. Yokoi alivichukua vitu hivyo, ambavyo wengine waliviona vya kawaida mno, na mwaka 1980 akatoa Game & Watch, mchezo unaoingia mfukoni na ambao pia ulionyesha saa. Hivyo, hata katika hatua hiyo ya mwanzo, burudani na matumizi ya kila siku vilikaa ndani ya kifaa kimoja. Zaidi ya vifaa milioni 43 vya aina hiyo viliuzwa.

Mwaka 1982, katika toleo la Donkey Kong, alikabiliwa na tatizo dogo lenye uzito mkubwa. Kifaa kilikuwa kinakunjwa, na fimbo ya kuongozea isingeweza kukaa humo. Badala yake aliweka kitufe bapa chenye umbo la msalaba, kinachoongozwa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kitufe hicho kikawa desturi ya takriban kila mtengenezaji wa michezo ya video.

Falsafa ya kilichozoeleka

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Yokoi hakukubali kuvutwa na unyemi huo. Aliamini kuwa teknolojia iliyokwisha komaa, iliyo nafuu na ambayo kasoro zake zinajulikana, inaweza kuzaa kitu kipya ikipewa kazi nyingine.

Imani hiyo ilipata mtihani wake mwaka 1989, Yokoi na kikosi chake, akiwemo mhandisi Satoru Okada, walipotoa Game Boy. Skrini yake haikuwa na rangi wala taa. Atari na Sega walikuja na vifaa vyenye rangi za kuvutia, lakini vilihitaji betri 6 na kuzimaliza kwa saa chache. Game Boy ilitumia betri 4 na kudumu kwa zaidi ya saa 10. Isitoshe, nchini Marekani Lynx ya Atari iliuzwa kwa takriban mara mbili ya bei yake. Wanunuzi walichagua kifaa ambacho wangeweza kumudu na ambacho kisingewazimikia njiani. Pamoja na toleo la rangi la mwaka 1998, Game Boy iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Mwaka 1995 mambo yalimwendea kombo. Virtual Boy, kifaa cha kuchungulia picha nyekundu zenye kina, hakikuwa cha mfukoni wala cha kuvaa kichwani. Kilichosha macho, mauzo hayakufikia milioni moja, na uzalishaji ukasitishwa upesi. Mwezi Agosti 1996 Yokoi aliondoka Nintendo baada ya miaka 31. Wengi walihusisha uamuzi huo na kushindwa kwa kifaa hicho, ingawa mwenyewe alikana.

Alianzisha kampuni yake ndogo, Koto, na kushirikiana na Bandai katika kubuni WonderSwan, kifaa kilichotumia betri moja tu. Hakukiona kikiuzwa. Tarehe 4 Oktoba 1997, katika barabara kuu ya mkoa wa Ishikawa, alishuka garini baada ya mgongano mdogo na akagongwa na gari jingine. Alikuwa na umri wa miaka 56. WonderSwan ilitoka mwaka 1999.

Simu zarithi mfuko

Mwaka huohuo wa 1997 Nokia ilitoa simu ya 6110 iliyokuwa na mchezo wa nyoka. Haikuongezwa rangi wala kitufe: kioo kilekile cha kusomea ujumbe na vitufe vilevile vya kupigia simu vilitosha. Mchezo huo ulienea pamoja na simu za bei nafuu hadi Afrika Mashariki, na kwa wengi ulikuwa mchezo wa kwanza wa kielektroniki kuushika mkononi.

Nokia hiyohiyo ilipotaka kuunganisha kifaa cha mchezo na simu kwa makusudi, ilikwama. N-Gage ya mwaka 2003 ililazimu mtu kuongea akiwa ameusogeza ukingo wake sikioni, na kutoa betri kila alipotaka kubadilisha mchezo. Xperia Play ya Sony Ericsson, iliyotoka mwaka 2011 ikiwa na vitufe vinavyochomoza, nayo haikudumu. Simu za kioo cha kugusa zilishinda kwa sababu watu walikuwa nazo tayari, na mwaka 2016 Nintendo yenyewe ilimpeleka Mario katika simu.

Hata hivyo kioo hakina kina, na kidole gumba hakijui kimefika wapi. Ndiyo maana waundaji wa michezo ya simu huchora kitufe cha msalaba kwenye kioo, na wachezaji wengine hununua vishikio vya kubana simu pande zote mbili. Katika vingi vya vishikio hivyo, upande wa kushoto, kipo kitufe alichokibuni Yokoi mwaka 1982 kwa sababu fimbo haikuenea.