Grand Kallé: kutoka sauti ya kwaya hadi ukubwa wa orkestra

Kila tarehe 30 mwezi wa sita, redio za inchi yetu, toka Bukavu mpaka Matadi, zinapigaka wimbo uleule: Indépendance Cha Cha. Hata watoto wadogo wanaujua. Lakini wengi wanajua wimbo na hawamujui mutu. Jina lake ni Joseph Kabasele Tshamala, ambaye watu walimwita Grand Kallé. Alianza kama mwimbaji, kisha akawa mkubwa wa orkestra, na mwisho akawa mwenye nyumba ya kutoa sahani za muziki. Ni kazi tatu tofauti, na kila moja ilimupatia marafiki wapya na matatizo mapya.

Mtoto wa Matadi

Kabasele alizaliwa Matadi tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa 1930. Alikulia Léopoldville, muji tunaoita leo Kinshasa. Familia yake ilikuwa na undugu na Joseph Malula, padri ambaye baadaye alikuwa kardinali wa kwanza wa Kongo. Kwa hiyo si ajabu kwamba sauti yake ilianza kusikika kanisani, katika kwaya. Ilikuwa sauti laini, ya juu, isiyolazimisha. Wapenzi wa rumba ya zamani wanaitambua tangu neno la kwanza.

Kisha masomo, alifanya kazi ya ofisi kama vijana wengi waliojua kusoma wakati ule. Lakini Léopoldville ya miaka ya 1950 ilikuwa inacheza. Sahani za Cuba zilikuwa zinaingia, wafanyabiashara wageni walikuwa wamefungua studio, na majina kama Ngoma, Opika na Loningisa yalikuwa yanasikika kila pahali. Kabasele aliingia Opika.

Sherti tueleze namna ile kazi ilivyokuwa. Mwenye studio ndiye alikuwa na mashine, na mara nyingi hata vyombo vilikuwa vyake. Mwanamuziki alikuja, akaimba, akapewa franga zake, akarudi nyumbani. Sahani ilibaki kwa mwenye studio, ikauzwa mwaka baada ya mwaka. Mwimbaji aliweza kujulikana katika muji muzima na bado akakosa nauli.

Mwaka wa 1953: African Jazz

Mwaka wa 1953 Kabasele aliunda African Jazz. Hapo ndipo kazi yake ilibadilika. Mwimbaji anachunga sauti yake tu. Mkubwa wa orkestra anachunga watu: nani apige gita, nani alipwe, nani anyamazishwe, nani apewe nafasi ya kuimba.

Na katika kuchagua watu, Kallé alikuwa na jicho. Alimuchukua Nicolas Kasanda, yule Docteur Nico, wakati alikuwa bado kijana mdogo kabisa, kwa sababu Nico alizaliwa mwaka wa 1939. Pamoja naye kulikuwa kaka yake Déchaud Mwamba, na pia Tino Baroza, mpiga gita mwingine wa sifa. Kisha kukaja kijana aliyekuwa anamuletea nyimbo alizotunga mwenyewe: Pascal Tabu, yaani Rochereau. Kallé aliimba nyimbo za huyo kijana, na baadaye akamuingiza katika orkestra.

Mwimbaji mwingine angeogopa kuleta karibu sauti inayoweza kumufunika. Kallé hakuogopa. Wakati OK Jazz ilizaliwa mwaka wa 1956, muji uligawanyika: huku wapenzi wa Kallé, kule wapenzi wa Franco. Mpaka leo wazee wanaweza kubishana jambo hilo usiku kucha.

Bruxelles, 1960

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1960, wanasiasa wa Kongo walikwenda Bruxelles kwa mkutano wa Meza ya Duara na Wabelgiji. Wanamuziki pia walialikwa. Kallé alikwenda na Nico, Déchaud, Roger Izeidi na Petit Pierre. Alikwenda pia na watu wawili wa OK Jazz, yaani Vicky Longomba na Brazzos. Angalia hapo: mkubwa wa African Jazz alichukua watu wa orkestra ya upande wa pili, juu ya inchi.

Tarehe ya uhuru ilipojulikana, Indépendance Cha Cha ilikuwa tayari. Wimbo unaita majina ya wakubwa wa siasa: Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Tshombe, Kalonji, Kamitatu. Unaita vyama pia. Sisi wa mashariki tunaweza kuuliza jambo moja. CEREA, chama kilichozaliwa hapa Bukavu mwaka wa 1958, na mkubwa wake Anicet Kashamura, hawamo ndani. Kashamura alikuwa Bruxelles. Lakini katika wimbo ambao inchi nzima inaimba, Kivu haikutajwa. Hatusemi Kallé alikuwa na ubaya na sisi. Wimbo ni mfupi, na wanasiasa walikuwa wengi. Lakini mutu anayesikiliza toka Kadutu ao Ibanda anaweza kulitambua hilo pengo.

Patroni mwenyewe

Mwaka uleule Kallé alifanya jambo ambalo wanamuziki wachache sana wa Kongo walikuwa wamefanya: alianzisha nyumba yake ya sahani, Surboum African Jazz. Sahani zilitengenezwa Ulaya na kuuzwa Kongo. Hata OK Jazz ya Franco ilitoa nyimbo kupitia mlango huo. Mwaka wa 1961 Kallé alirekodi Bruxelles pamoja na Manu Dibango, mpiga saksofoni wa Kameruni, ambaye kisha alimufuata mpaka Léopoldville.

Kwa macho ya nje, ilikuwa ushindi. Mwanamuziki mweusi hakuhitaji tena kuomba kwa mwenye studio. Lakini ndani ya orkestra mambo yalikuwa mengine. Zamani, franga zikipungua, wanamuziki wote walinung'unika pamoja juu ya patroni mgeni. Sasa patroni alikuwa mwenzao, anayesimama nao jukwaani kila usiku. Maswali juu ya mapato na juu ya nani anaamua yakamuelekea yeye.

Mwaka wa 1963 chungu kilipasuka. Rochereau, Nico, Déchaud na Izeidi waliondoka na kuunda African Fiesta. Kallé alibaki na jina la African Jazz, bila watu waliolifanya lipendwe. Alijaribu kujenga upya na vijana wengine, lakini ile nguvu ya kwanza haikurudi. Na wale walioondoka? Haikupita miaka mitatu, Nico na Rochereau nao wakaachana, kila mmoja na African Fiesta yake.

Miaka ya mwisho

Karibu na mwisho wa miaka ya 1960, Kallé alikuwa Paris na African Team, pamoja na Manu Dibango na mpiga filimbi wa Cuba, Don Gonzalo. Muziki ulikuwa mzuri, lakini Kinshasa ilikuwa tayari na majina mapya. Alikufa tarehe 11 mwezi wa pili, mwaka wa 1983, akiwa na miaka 52.

Wengi wanamukumbuka kama baba wa muziki wetu wa kisasa, na ni haki yake. Shule yake ilizaa Nico, ikazaa Rochereau, na kwa Rochereau wakapita wengine wengi. Lakini maisha yake yanagusa pia vikundi vyetu vya leo, orkestra na kwaya za Bukavu, Uvira ao Goma, ambavyo vinavunjika kila mwaka. Mara nyingi sauti haikosekani. Kinachokosekana ni karatasi: nani ametunga, nani anapata ngapi, nani anachunga sanduku. Kallé alijua kuchagua watu kuliko wote wa wakati wake, na bado hilo halikutosha kuwabakisha. Ni vizuri viongozi wa vikundi wakae na watu wao na kuandika mambo hayo mapema, wakati bado wanacheka pamoja.