Mkwawa na Mkono Ulengao Shabaha

Ukitoka Kihesa, sehemu mojawapo ya mji wa Iringa, ukapita mjini na kufuata njia iendayo magharibi, kwa mwendo wa kilomita kama 15 utafika Kalenga. Hapo pana nyumba ya makumbusho, na ndani yake limewekwa fuvu la kichwa cha mtu. Hilo linajulikana kuwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Soma habari zake, nawe ujiulize ubongo uliokaa ndani ya fuvu kama hilo ulifanya kazi gani.

Mkwawa alizaliwa karibu na mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, alifariki mwaka 1879, na baada ya ugomvi wa kugombea utawala Mkwawa akashika nafasi yake. Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski lilikuwa likipita Lugalo, mashariki ya Iringa. Wajerumani walikuwa na bunduki na mizinga. Mashujaa wa Mkwawa, ambao wengi wao walishika mikuki tu, walikuwa wamejificha karibu sana na njia. Walipotokea kwa ghafula, maadui waliwahi kupiga risasi chache tu. Vita vilikwisha kwa dakika chache, na Zelewski mwenyewe aliuawa kwa mkuki.

Fikiri sasa juu ya mkuki mmoja uliorushwa siku ile. Mwanga kutoka kwa adui uliingia katika macho ya shujaa. Mishipa ya fahamu ikapeleka habari hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Kutoka hapo habari zikaenda sehemu nyingine za ubongo, zikapima umbali wa adui na mahali mkono ulipo. Kisha amri ikashuka kwa mishipa ipitayo ndani ya uti wa mgongo hadi kwenye misuli ya bega, mkono na vidole. Kama alirusha kwa mkono wa kulia, amri hiyo ilitoka upande wa kushoto wa ubongo.

Safari hiyo huchukua karibu sehemu ya tano ya sekunde. Ni muda mfupi, lakini mtu anayekimbia huwa amekwisha kusogea kama mita moja! Kwa hiyo ubongo haulengi mahali adui alipo, bali mahali atakapokuwa. Katika kazi hiyo husaidiwa na ubongo mdogo, ulio chini ya kisogo, ambao husahihisha mwendo wa mkono. Kila unaporudia zoezi, viungo baina ya chembe za ubongo hubadilika, na mkono huzidi kuwa hodari.

Jaribu mwenyewe. Shika penseli mbili, moja kila mkono, uzinyoshe mbele yako. Fumba jicho moja, kisha ugusanishe ncha zake. Rudia huku macho yote mawili yakiwa wazi. Utaona kuwa macho mawili huupa ubongo habari bora za umbali.

Wajerumani walirudi, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka Kalenga. Mkwawa alitoroka, akapigana nao porini karibu miaka minne. Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alipokuwa karibu kukamatwa, alijiua kwa bunduki. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Siku zile wataalamu wengi wa Ulaya walikusanya mafuvu na kuyapima, wakidhani kwamba vipimo vingewaonyesha ni watu gani wenye akili zaidi. Walikosea kabisa. Fuvu ni sanduku la mfupa linalolinda ubongo. Ustadi wa mkono hauachi alama ndani yake.

Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda Bremen, Ujerumani, palipokuwa na mafuvu mengi. Alichagua moja lenye tundu la risasi, ambalo vipimo vyake vililingana na vya jamaa za Mkwawa. Fuvu hilo lilirudishwa Kalenga mwezi Juni 1954, ingawa wapo wanaoshuku hadi leo kama ndilo lenyewe. Ukibahatika kuliona, tazama sehemu ya nyuma, chini ya kisogo. Hapo ndipo ulipokaa ubongo mdogo.