Mchungaji Johann Friedrich Oberlin na Darasa la Watoto Wadogo

Kitabu cha miaka 100 ya usharika kwa kawaida hutoa kurasa nyingi kwa majengo, kwaya na watumishi waliotangulia. Ni jambo jema kwamba wahariri wa kitabu hiki waliamua kutenga nafasi kwa ajili ya darasa la watoto wadogo, na wakaniomba mimi, ninayetumika huku Bariadi, niandike juu ya falsafa na maadili ya shule ya Kikristo ya chekechea. Nilijaribu kuandika juu ya falsafa, nikashindwa, kwa kuwa kila nilichoandika kilifanana na hotuba ya mgeni rasmi. Kwa hiyo nimeamua kusimulia maisha ya mtu mmoja, mchungaji wa Kilutheri, ambaye shule za namna hii zilianza katika eneo lake zaidi ya miaka 250 iliyopita.

Johann Friedrich Oberlin alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg, jimbo la Alsace, mahali ambapo Wafaransa na Wajerumani wamepakana na kugombana kwa karne nyingi. Baba yake alikuwa mwalimu, na kaka yake Jeremias Jakob baadaye alikuwa msomi mwenye sifa. Yeye mwenyewe alisoma theolojia katika chuo kikuu cha mji huo. Tarehe 1 Januari 1760, akiwa na umri wa miaka 19, aliandika hati ya kujiweka wakfu kwa Mungu, akaitia sahihi kama mtu atiavyo sahihi mkataba. Kisha alikaa miaka kadhaa katika nyumba ya daktari wa upasuaji akifundisha watoto wake, na humo akajifunza habari za dawa na tiba, maarifa yaliyomfaa sana baadaye.

Alikuwa anajiandaa kuwa mchungaji wa jeshi alipojiwa na Mchungaji Johann Georg Stuber, aliyetafuta mtu wa kumrithi katika usharika wa Waldersbach. Usharika huo ulikuwa katika bonde liitwalo Ban de la Roche, katika milima ya Vosges: vijiji vitano na vitongoji vyake, udongo mwembamba juu ya mawe, baridi kali, hakuna barabara, na watu wenye lugha yao ya nyumbani ambayo jirani hawakuielewa. Vita vya karne ya 17 vilikuwa vimeliacha eneo hilo katika hali ya umaskini mkubwa.

Kuna habari inayosimuliwa juu ya Stuber alipofika huko mara ya kwanza mwaka 1750. Aliomba aonyeshwe shule, akapelekwa kwenye kibanda chenye watoto wakipiga kelele, na mzee mmoja amelala kitandani. Alipouliza mzee huyo anafundisha nini, alijibiwa kwamba hafundishi kitu, maana mwenyewe hajui kitu. Alikuwa mchunga nguruwe wa kijiji, na alipozeeka asiweze tena kuwafuata nguruwe, wakampa kazi ya kuangalia watoto. Sisi tuliolelewa Usukumani tunaweza kucheka habari hiyo, lakini tucheke kwa kiasi. Ng'ombe wetu hatumpi mchungaji asiyejua kazi, na ndama hapewi mtu wa kulala. Lakini ni mara ngapi darasa la watoto wa miaka minne limepewa yeyote aliyekosa kazi nyingine?

Stuber alianza kurekebisha mambo. Kwa kuwa jina la mwalimu lilikuwa limekwisha kudharauliwa, hata hakuna mzazi aliyetaka mwanawe aitwe hivyo, aliwapa walimu wake cheo kipya chenye heshima, na ndipo vijana wenye uwezo wakajitokeza. Oberlin alipofika mwaka 1767, akiwa na miaka 26, alikuta msingi huo.

Hakupokelewa vizuri na wote. Baadhi ya wanavijiji walipanga kumvizia na kumpiga ili aache mambo yake mapya. Yeye alipata habari, akawaendea mwenyewe nyumbani mwao bila ulinzi, na mpango ukaishia hapo. Alipowaambia wajenge barabara ya kuwaunganisha na soko, walikataa; akachukua sururu na kuanza kuchimba mwamba, na wengine wakamfuata. Daraja likajengwa Fouday juu ya mto Bruche. Alileta mbegu bora za viazi, akafundisha kutengeneza mbolea ya samadi na majani, akaanzisha chama cha kilimo na mfuko wa mikopo midogo. Aliwataka vijana wa Kipaimara wathibitishe kwamba wamepanda miti miwili kabla ya kuwekewa mikono. Mkoani Simiyu, ambako wazee wetu walihifadhi ngitili na sisi tumezikata kwa kuni na mkaa, nimeona niitaje desturi hiyo bila kuongeza neno.

Sasa nije kwenye watoto. Oberlin alijenga nyumba za shule katika vijiji vyake, lakini aligundua kwamba shule ilianza wakati mtoto amekwisha kuchelewa. Baba na mama walikuwa shambani tangu alfajiri. Watoto wa miaka minne, mitano na sita walizurura, au walilindwa na ndugu ambao nao ni watoto. Ni hali ninayoiona kila mwaka huku kwetu wakati wa kupalilia na kuchuma pamba: mama yuko shambani, mtoto mdogo yuko mgongoni kwa dada yake mwenye miaka minane, na dada huyo siku hiyo hayuko shuleni. Kwa hiyo asiyehudumiwa si mtoto mmoja, ni wawili.

Jibu la tatizo hili halikutoka kwa mchungaji. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Katika kijiji cha Belmont palikuwa na binti mkulima aitwaye Sara Banzet, aliyezaliwa mwaka 1745. Alijua kufuma sufu kwa sindano, ufundi uliokuwa mgeni bondeni, na kwa hiari yake akaanza kukusanya watoto nyumbani awafundishe. Oberlin aliposikia, hakumkataza kwa kuwa hajasomea, wala hakuichukua kazi hiyo na kumpa mwanamume. Alikwenda akapatana naye, akamlipa ujira, na mwaka 1769 kazi hiyo ikawa kazi rasmi ya usharika. Mke wa mchungaji, Madeleine Salomé, ambaye alimwoa mwaka 1768, alishiriki kuwaandaa wanawake wengine kwa kazi hiyo katika vijiji vingine. Waliitwa viongozi wa utoto mchanga. Sara alifariki mwaka 1774, akiwa hajafikisha miaka 30.

Katika vyumba hivyo, ambavyo wakati wa baridi vilikuwa na jiko la kuotea moto katikati, wakubwa kidogo walifuma na wadogo walicheza. Kiongozi aliwaonyesha picha za habari za Biblia, za wanyama na za mimea, akawasimulia. Waliimba tenzi. Walitoka nje kutafuta maua na majani, wakajifunza ni mmea gani huliwa, upi ni dawa na upi una sumu. Walitazama ramani, kwanza ya kijiji chao, kisha ya bonde, na baadaye ya nchi na dunia. Kitu kilitajwa kwanza kwa lugha ya nyumbani, halafu kwa Kifaransa. Mtoto alifundishwa kutodanganya, kuwa safi, kumsaidia mwenzake na kumshukuru Mungu, na hayo yalikuja ndani ya kazi na mchezo. Hayakuwa somo la peke yake lenye mtihani.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu najua wazazi wetu wanatudai nini. Wanataka mtoto wa miaka minne aje nyumbani na daftari lililojaa herufi, na aseme Kiingereza mbele ya wageni. Shule isiyofanya hivyo huonekana haina maana, na zipo shule za Kikristo zilizokubali dai hilo ili zisikose ada. Siwalaumu wazazi. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 elimu ya awali ilipoingizwa katika mfumo rasmi, na hasa baada ya ada kufutwa katika shule za Serikali mwaka 2016 na madarasa kujaa, mzazi anaogopa mwanawe kupotea katika umati. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuokota mbegu, kuhesabu kokoto wala kusikiliza hadithi hadi mwisho, hizo herufi anazichora tu. Katika jambo la lugha nina neno moja la kumpinga Oberlin: pamoja na kuanza na lugha ya nyumbani, alitaka mwishowe itoweke kabisa. Mtoto wa Kisukuma anaweza kujifunza Kiswahili vizuri bila kuonea haya maneno ya bibi yake.

Mwaka 1779 hivi aliingia katika nyumba ya mchungaji binti mwingine, Louise Scheppler wa Bellefosse, aliyezaliwa mwaka 1763. Alikuja kama mtumishi wa ndani, akawa kiongozi wa watoto. Salomé alipofariki Januari 1783, akiacha watoto wadogo, Louise alikuwa na miaka 19. Alichukua malezi ya nyumba nzima, akakataa kulipwa mshahara tangu hapo, na aliendelea kutembea kijiji hadi kijiji, theluji au jua, kusimamia madarasa. Hakuolewa.

Ukweli unanitaka niseme pia kwamba Oberlin hakuwa mtu wa kawaida katika mawazo yake yote. Aliamini kwamba marehemu mke wake alimtokea kwa miaka kadhaa, na alichora michoro ya makao ya mbinguni. Alidhani pia kwamba tabia ya mtu yaweza kusomwa katika sura ya uso. Mlutheri aliyefundishwa Katekisimo Ndogo hawezi kumfuata huko, nami simfuati. Kanisa lilimvumilia, na watoto wa bondeni hawakudhurika.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipopiga marufuku ibada, washarika wake waliendelea kukutana kwa sura ya mkutano wa kiraia, na mchungaji wao akahutubu. Mwaka 1794 alikamatwa na kupelekwa Sélestat, lakini utawala wa Robespierre ulianguka wakati huo huo naye akaachiliwa. Mwaka ule ule Bunge la Paris lilimsifu kwa kazi yake ya kueneza elimu na lugha ya Kifaransa. Inasemekana pia kwamba aliacha kutumia sukari na kahawa kwa kuwa zilizalishwa kwa jasho la watumwa Waafrika. Mchungaji wa bonde lililojificha milimani alituwaza sisi wakati ambapo wengi wa miji mikubwa walihesabu faida.

Pamba nayo imo katika habari hii, jambo lililonishangaza. Oberlin alileta kazi ya kusokota nyuzi za pamba majumbani, na familia nyingi zikapata fedha. Halafu mashine zikaja, kazi ya mkono ikaanguka, na njaa ikarudi. Mwanzoni mwa karne ya 19 familia ya Legrand ilihamishia Fouday kiwanda cha utepe wa hariri, na kazi ikagawanywa nyumbani kwa watu. Daniel Legrand wa familia hiyo alitumia miaka mingi kuzisihi serikali za Ulaya zitunge sheria za kuwalinda watoto wasitumikishwe viwandani. Sisi tunaojua msimu ambao bei ya pamba huanguka wakati mzigo uko ghalani tunaelewa kwa nini Oberlin hakuitegemeza shule ya watoto juu ya mapato ya mwaka mmoja.

Hapa nitoe ungamo. Zamani, katika usharika mmoja nilikotumika, tulikuwa na darasa la watoto na mwalimu hodari. Mavuno yalikuwa mabaya, sadaka ikapungua, na kitu cha kwanza tulichokata kilikuwa posho yake. Hatukugusa fungu la mapambo ya sikukuu. Alifundisha miezi minne bila malipo, kisha akaondoka, na chumba kikawa cha vikao. Nilikuwa mwenyekiti wa kikao kilichoamua hivyo.

Oberlin alitumika Waldersbach karibu miaka 60 bila kuhama. Mwaka 1819 alipewa nishani ya heshima ya Ufaransa. Alifariki tarehe 1 Juni 1826, akazikwa Fouday. Nyumba yake ya Waldersbach leo ni makumbusho, na humo zimehifadhiwa picha, mimea iliyokaushwa na vifaa vya kuchezea vya watoto.

Mwaka 1829 Akademia ya Ufaransa ilimtunukia Louise Scheppler tuzo ya Montyon kwa ajili ya wema, faranga 5,000. Fedha hizo alizielekeza kwenye madarasa ya watoto wadogo. Alifariki mwaka 1837, mwaka ule ule ambao Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alianzisha Blankenburg kazi iliyokuja kuitwa bustani ya watoto. Mwaka uliotangulia, Mchungaji Theodor Fliedner alikuwa ameanzisha Kaiserswerth nyumba ya masista wa udiakonia, waliofunzwa kuhudumia wagonjwa na pia watoto wadogo. Kutoka katika mkondo huo wa udiakonia walikuja watumishi wa misioni katika nchi yetu, na mwaka 1896 huko Lutindi, katika milima ya Usambara, ilifunguliwa nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa.

Wahariri waliniuliza kama nina picha ya kuweka katika ukurasa huu. Niliwaomba waweke ya walimu wa darasa letu, pamoja na majina yao kamili chini yake.