Edmond Halley: Mwanafalaki aliyeipa bima ya maisha kipimo chake

JINA la Edmond Halley hutajwa zaidi nyota ya mkia inapozungumziwa. Ni wachache wanaojua kwamba mwanafalaki huyo Mwingereza ndiye aliyeweka msingi wa maswali anayoulizwa leo mkazi wa Ukunda au Msambweni anapojaza fomu ya bima ya maisha.

Halley alizaliwa mwaka 1656 karibu na London, mwana wa tajiri mtengenezaji wa sabuni. Alisomea Oxford, lakini mwaka 1676 aliyakatiza masomo hayo akasafiri hadi kisiwa cha St Helena kuchora ramani ya nyota za anga ya kusini.

Mwaka 1684 msiba uliingia nyumbani kwao. Babake alitoweka, na wiki chache baadaye maiti yake ikapatikana. Marehemu hakuwa ameacha wasia, na Halley akajikuta katika mvutano wa mirathi na mama yake wa kambo. Hivyo aliyajua mapema madhara yanayoikumba familia pale mwenye mali anapoondoka ghafla.

Miaka miwili baadaye alichapisha ramani ya pepo za bahari, zikiwemo za Bahari ya Hindi. Manahodha wa Vanga, Wasini na Gazi hawakuhitaji kufundishwa habari za kusi na kaskazi, kwani walikuwa wakisafiri kwa pepo hizo tangu enzi za mababu zao. Jambo jipya katika kazi ya Halley lilikuwa kuzikusanya taarifa za wasafiri wengi na kuzionyesha kwenye karatasi moja.

Mwaka 1693 aliitumia njia hiyo hiyo kwa vifo. Kasisi Caspar Neumann wa mji wa Breslau, ambao sasa ni Wrocław nchini Poland, alikuwa ameweka hesabu ya waliozaliwa na waliofariki mjini humo, pamoja na umri wa kila marehemu. Hesabu hizo za miaka mitano zilimfikia Halley, naye akazigeuza kuwa jedwali.

Jedwali hilo lilionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wa umri wa mwaka mmoja, 598 walifikia miaka 20, 346 wakafikia miaka 50, na 142 tu wakaiona miaka 70. Kati ya hao 598 wa miaka 20, sita walifariki kabla ya mwaka kwisha. Kati ya 346 wa miaka 50, walifariki 11. Kwa maneno mengine, hatari ya mzee ilizidi ya kijana zaidi ya mara tatu.

Wakati huo serikali ya Uingereza ilikuwa ikikopa fedha kwa kuwaahidi raia malipo ya kila mwaka hadi kufa kwao, na iliwatoza bei moja vijana na wazee. Halley alionyesha kuwa bei hiyo haikuwa na uwiano, lakini ushauri wake haukufuatwa.

Ilichukua miongo mingi somo lake kutumika. Mwanahisabati James Dodson, aliyekataliwa na chama kimoja cha bima kwa sababu alikuwa amepita miaka 45, alibuni mpango wa kila mtu kulipa kulingana na umri wake. Dodson alifariki mwaka 1757, na miaka mitano baadaye kampuni ya Equitable ikaanzishwa jijini London kwa msingi huo.

Tangu hapo maswali yameongezeka. Mgema anayekwea minazi ya Kwale kila alfajiri na karani wa afisi hawakabiliwi na hatari sawa, hata wakiwa na umri mmoja. Mvuvi anayepiga mbizi nje ya mwamba wa Diani, mwendeshaji wa bodaboda, mvutaji wa sigara na mgonjwa wa kisukari, kila mmoja hupimwa kwa hali yake. Mwenye hatari kubwa huongezewa malipo, na pengine ombi lake hukataliwa.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Anayeficha maradhi ili apunguziwe malipo huwaachia wajane na mayatima kesi badala ya fidia, kwa kuwa kampuni ikigundua kuwa jambo muhimu lilifichwa huweza kukataa kulipa.

Kuna somo jingine. Jedwali la Halley lisingekuwepo kama Breslau isingeandika vifo vyake. Kampuni za Kenya kwa miaka mingi zilitegemea jedwali lililotokana na vifo vya Waingereza wa miaka ya 1949 hadi 1952, kabla ya kuundwa majedwali ya Wakenya wenyewe. Kijijini, maiti inapozikwa bila kifo kuandikishwa, familia hukosa cheti cha kudai haki yake, na nchi nayo hukosa hesabu ya kupimia hatari kwa uadilifu.

Halley aliteuliwa Mwanafalaki wa Kifalme mwaka 1720. Alifariki Januari 1742 akiwa na miaka 85, umri ambao ni wachache mno katika jedwali lake waliofika. Nyota ya mkia aliyotabiri ingerudi ilionekana mwishoni mwa mwaka 1758, yeye akiwa kaburini. Hata hivyo, kila mzazi anayeandikisha kifo kwa chifu, na kila mwombaji wa bima anayejibu fomu kwa ukweli, huiendeleza kazi aliyoianza mwaka 1693.