Harry Ferguson na jembe la palizi lililohamia nyuma

Wengi wetu tulilijua jina la Massey Ferguson kabla ya kumjua mwenye jina. Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 huko Growell, kaskazini mwa Ireland, mtoto wa mkulima. Shamba alilikimbia, akaingia gereji ya kaka yake mjini Belfast, na tarehe 31 Disemba 1909 akarusha ndege aliyoiunda.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyomrudisha kwenye kilimo. Trekta za wakati ule zilikokota plau tu. Plau ikinasa kwenye jiwe, trekta iliweza kupinduka kinyumenyume na kumwua dereva. Ferguson akaifunga zana kwa vyuma vitatu vinavyonyanyuliwa kwa hidroliki.

Ubishi ulibaki kwenye palizi. Wakulima wengi wa mahindi na pamba Marekani walitaka majembe ya palizi yafungwe mbele, ili dereva auone mche asiukate. Lakini kwenye trekta yenye magurudumu ya mbele yaliyotanuka, ekseli imekaa njiani, na kuyafunga ni kutoka jasho. Ferguson aliyaweka nyuma: dakika chache kazi imekwisha, ila shingo ya dereva ndiyo inayolipa. Kwa palizi ya miche michanga, sisi tungechagua mbele.

Mwaka 1938 alipeana mkono na Henry Ford, bila maandishi, na trekta ya 9N ikatoka 1939. Mjukuu wa Ford alipoyavunja mapatano, Ferguson alishtaki mwaka 1948 akidai dola milioni 251. Mwaka 1952 alipata milioni 9.25. Alifariki mwaka 1960.