Marcel Lihau: mwamuzi mukubwa aliyekatalia Mobutu juu ya wanafunzi

Mutu wa Kipushi akishindwa ku tribinali na haoni haki yake, njia anaijua: anapanda gari, anafanya kilometa karibu 30, anafika Lubumbashi ku Korti ya Rufaa, ile wengi wetu tunaita tu Cour d'appel. Na kama pale pia hakuridhika? Karatasi zinapanda Kinshasa, kwa waamuzi wa mwisho. Mutu wa kwanza kukaa ku kiti cha mukubwa wa waamuzi hao wa mwisho aliitwa Marcel Lihau. Vijana wengi leo hawalijui jina hilo. Tunawaletea maisha yake kwa kifupi, juu yanauliza swali ambalo bado liko kati yetu: mwamuzi anatumikia sheria, ao anatumikia mwenye kumupa kazi?

Mutoto wa Bumba

Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931 ku Bumba, kandokando ya Mto Kongo, katika jimbo la Équateur. Alisoma kwa mapadri, kisha akafika ku Kisantu kwa Wajesuiti. Ile wakati ya ukoloni, mweusi aliweza kuwa padri, karani, ao musaidizi wa munganga. Lakini kusoma sheria ku chuo kikuu? Mulango ulifungwa. Na sababu inaeleweka: mwenye kujua sheria atauliza siku moja kwa nini muzungu ana sheria yake na mweusi ana yake.

Mujesuiti mumoja, Willy De Craemer, akamusaidia kujitayarisha kimyakimya. Ndiyo vile Lihau aliingia chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, kati ya Wakongomani wa kwanza kabisa kusoma sheria. Akiwa huko, Januari 1960, wanasiasa wetu walifika Brussels kwa ile mazungumuzo ya Table ronde. Kila mumoja alikuja na chama chake. Lihau na wanafunzi wenzake wakawasukuma waungane na waseme kwa sauti moja mbele ya Wabelgiji. Waliungana, na tarehe ya uhuru ikapatikana: 30 Juni 1960.

Mutunga katiba

Uhuru ulifika, lakini kati ya waamuzi wa kazi hakukuwa hata Mukongomani mumoja. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, Koloneli Mobutu aliweka wanasiasa pembeni na akaita vijana wenye masomo waongoze inchi kwa muda. Lihau akapewa mambo ya Haki. Musaidizi wake alikuwa kijana mwingine wa sheria, Étienne Tshisekedi. Pale ndipo njia ya Lihau na ya Mobutu zilikutana mara ya kwanza.

Mwaka wa 1963 alipata udokta wa sheria na akawa mukubwa wa kitivo cha sheria ku chuo kikuu cha Lovanium. Mwaka wa 1964 alikuwa kati ya wanasheria walioshika kalamu kwa kutayarisha Katiba ya Luluabourg, muji ule tunaita leo Kananga. Raia waliipigia kura ya ndiyo, na ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1964. Ndiyo hiyo iliyoipa inchi jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ndiyo iliyosema kwamba lazima kuwe Korti Kuu.

Kisha ikaja tarehe 24 Novemba 1965. Mobutu akakamata mamlaka yote, na akamuita tena Lihau: atengeneze katiba ingine. Hiyo ilitoka tarehe 24 Juni 1967, na iliweka nguvu nyingi sana mukononi mwa prezidenti. Hatuwezi kuficha jambo hili. Mutu aliyekuja kuumizwa na mamlaka ya Mobutu alikuwa amesaidia kuijengea nyumba.

Kiti cha juu

Mwaka wa 1968 Korti Kuu ya Haki, ile Cour suprême de justice, ilifunguliwa, na Lihau akawa Prezidenti wake wa Kwanza. Kazi ya korti ya namna hiyo si kuanza kesi upya na kuita mashahidi. Kazi yake kubwa ni kuangalia kama waamuzi wa chini walifuata sheria sawasawa. Kama hawakufuata, hukumu inavunjwa, hata kama imependeza wakubwa.

Lihau alisimamia neno moja: waamuzi wawe huru. Ile miaka haikuwa neno rahisi. Mwaka wa 1969 wanafunzi waliuawa Kinshasa wakiandamana. Mwaka wa 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Mwaka wa 1972 kila mutu alipashwa kuacha jina la kizungu, na Marcel akawa Ebua Libana la Molengo Lihau. Mwaka wa 1974 katiba ilibadilishwa, na haki yenyewe ikawa kiungo cha chama kimoja, MPR. Yaani mwamuzi pia alikuwa mutu wa chama.

Mwaka wa 1975 ndipo kamba ilikatika. Wanafunzi walikuwa wameandamana tena, na serkali ilitaka azabu kali. Lihau alikataa kuitekeleza. Mobutu akamutosha ku kazi na akamufungia katika nyumba yake. Miaka saba ku kiti cha juu ikaisha vile.

Njia ya upinzani

Mwaka wa 1982 wapinzani walianzisha UDPS. Kati yao kulikuwa Tshisekedi, na pia mutoto wa Katanga, Frédéric Kibassa Maliba. Lihau akajiunga nao. Mobutu akamunyanganya haki zake za raia na akamutuma kuishi katika kijiji, mbali na muji. Afya yake ikaharibika. Mwaka wa 1985 alikimbilia Marekani, na kule akafundisha sheria ya katiba ku Harvard. Wazia: inchi iliyokosa watu wa sheria ilifukuza mumoja wa wale wakubwa, na wengine wakamupokea kama mwalimu.

Alirudi mwaka wa 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi. Ni mwaka ule ule, mwezi wa Mei, Lubumbashi ililia wanafunzi wake walioshambuliwa usiku ku kampisi. Lihau alisaidia katika mazungumuzo ya kubadilisha inchi, lakini ugonjwa ulimurudisha Marekani. Alikufa kule tarehe 9 Aprili 1999. Sophie Kanza, ambaye alimuoa mwaka wa 1964 na ambaye alikuwa mwanamuke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu, alikuwa amekufa siku chache tu mbele yake.

Ile Korti Kuu aliyoifungua, Katiba ya 2006 imeigawanya mara tatu: Korti ya Katiba, Cour de cassation na Conseil d'État. Kifungu cha 150 kinasema kwamba mwamuzi, katika kazi yake, yuko tu chini ya sheria. Basi, siku utasimama mbele ya mwamuzi, hapa Kipushi ao Lubumbashi, ukumbuke kwamba maneno hayo yalikuwa na bei, na kuna mutu aliyeilipa.