Ramadhani 14: Imamu Ghazali, moto na pamba

Imamu Ghazali alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058. Mwaka 1091 akapewa kufundisha Nizamiyya ya Baghdad. Humo aliandika Tahafut al-Falasifa, akahoji pamba ikigusa moto inaunguzwa na nani. Jibu lake: ni Allah. Jicho linaona kugusana, kisha kuungua. Halioni moto ukiunguza. Mazoea ya maumbile ni desturi aliyoiweka Mola, na akitaka huizuia, kama kwa Nabii Ibrahim. Ila hesabu za kupatwa kwa jua hakuzikataa. Anayezipinga kwa jina la dini aliona anaidhuru dini. Mwaka 1095 aliacha cheo, akafariki Tus 1111.

Magharibi maji yakikata kiu, basi tujue nani kaikata.